Kikopo cha Kumi na Saba

Matokeo yalitoka Jumanne saa tatu ya asubuhi, na dokta Venant hakuita mtu. Hilo ndilo lililomtia Nsimire wasiwasi. Siku zote mzee huyo, mkuu wa labo ya kupima magonjwa, akipata jambo jema hulitangaza kabla hajavua miwani. Leo alikaa mbele ya kompyuta, mkono shavuni, akisoma mstari uleule kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

Wiki tatu sasa watoto wa Nyalukemba walikuwa wakitapika na kuharisha. Ulikuwa ukavu wa Julai, vumbi mpaka kwenye uji. Thelathini na mmoja walikuwa wamelazwa, wawili walikuwa wamezikwa. Kila mama alikuwa na sababu yake: maji, vumbi, jino linaota. Lakini neno lililokimbia kuliko yote lilikuwa la Didier, shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yao, aliyesema ugonjwa umeletwa na yale matone ya chanjo ambayo watoto hudondoshewa mdomoni. Alisema kwenye arusi, akasema kwenye matanga, akasema mbele ya kanisa.

Ndiyo maana labo ilichukua choo cha watoto ishirini na watatu na kukipitisha kwenye mashine mpya inayosoma maandishi yaliyo ndani ya kirusi, kile kijidudu cha ugonjwa, herufi kwa herufi. Jibu lilitakiwa leo saa tisa ya mchana kwenye ofisi ya kartie, ofisi ya mtaa. Wachanjaji walikuwa waje Alhamisi, na papa Edouard, mkuu wa kartie, alishatoa neno lake: ikionekana ugonjwa unatoka kwenye chanjo, watafungiwa mlango.

Nsimire alikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto wa miezi mitatu. Alisomea kazi ya labo jioni, darasa la taa moja, tumbo likikua mwezi baada ya mwezi mpaka siku ya mtihani akakaa upande. Sasa alikuwa kwenye miezi sita ya kujaribiwa, na ulibaki mmoja. Kazi yake ilikuwa vikopo: kuvipeleka kwa wagonjwa, kuvijaza, kubandika namba, kuandika rejista.

"Papa Venant," alisema, "kuna nini?"

"Kamata kiti, ma fille, mutoto wangu."

Akakaa. Mzee akamgeuzia kompyuta. Palikuwa na mistari ishirini na mitatu, kila mmoja wenye vipande kumi na moja vya rangi. Kirusi hiki, alivyowafundisha mwenyewe, hubeba maandishi yake katika vipande kumi na moja, kama mkufu wa shanga kumi na moja. Ukitaka kujua virusi viwili ni ndugu, linganisha shanga.

Mistari ishirini na miwili ilifanana, shanga kwa shanga. Mmoja ulikuwa wa peke yake.

"Hawa bote," alisema dokta Venant, "ni kirusi kimoja kinatembea kartie. Cha batu, cha kawaida. Huyu hapa iko na shanga za ngombe. Unajua ni nani iko na shanga za ngombe?"

Nsimire alijua. Kirusi cha chanjo, kile kilichodhoofishwa, kilitengenezwa kwa kuchanganya cha ng'ombe na cha mtu. Shanga zake ni kama muhuri, hazifichiki.

"Ni chanjo," alisema polepole.

"Ni chanjo. Kikopo cha kumi na saba. Ni cha nani?"

Hakuhitaji rejista. Namba hiyo aliibandika kwa mkono wake. "Hugues. Miezi kumi na moja. Iko opitali, na serumu mu mukono."

"Alichanjwa lini?"

"Hakuchanjwa. Fishi yake ya chanjo iko mweupe. Baba yake alikatala."

"Baba yake ni nani?"

"Didier."

Dokta Venant alivua miwani.

"Shefu wa avenyu. Ni mukubwa wa bwana yangu, tumbo moja," Nsimire aliongeza, maana ilikuwa bora amalize. "Tunaishi parseli moja, kiwanja kimoja."

"Na wa kwako, Ornella, alipata matone lini?"

"Siku sita kabla ya kile kikopo."

Kisha mzee akaeleza taratibu, akichagua maneno kama mtu anayekanyaga mawe ya kuvukia mto. Mtoto aliyechanjwa karibuni hutoa kirusi cha chanjo katika choo chake kwa siku kadhaa. Hakimdhuru yeye. Lakini beseni ni moja, mikono inayowaosha ni moja. Mwenzake asiyechanjwa anaweza kukimeza.

"Unataka kusema ni Ornella njo alimupatia."

"Sijasema. Maandishi yanasema inawezekana."

"Na Didier akisikia?"

"Atasema chanjo imetoka kwa mutoto mumoja, imeingia kwa mwingine, imemulalisha opitali. Na mimi sitakuwa na kitu ya kumujibu. Alhamisi itafungwa. Mwezi wa nane tutazika tena."

Nsimire aliona beseni la bluu uani kwao. Aliliona na povu lake. Alimwona Hugues akipiga maji kwa viganja, na Ornella amepakatwa kando akisubiri zamu yake. Alikuwa amempeleka binti yake kwenye matone kwa siri nusu, bila kumbishia shemeji yake, akijiambia kwamba mama ndiye anayejua. Je, yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani?

Akavuta rejista, si kwa kutafuta kitu, bali mikono ilitaka kazi. Ukurasa wa pili, safu ya sura ya choo. Mwenzake wa zamu ndiye aliyeijaza siku ya kupima. Kumi na tano: maji. Kumi na sita: maji, makamasi. Kumi na nane: maji. Kumi na saba: manjano, laini, punje ndogo nyeupe.

Alisoma tena. Manjano, laini, punje ndogo nyeupe.

Hapakuhitajika mashine. Mwanamke yeyote mwenye ziwa lenye maziwa angejua. Hugues alikula uji, akala maharagwe ya kuponda, na asubuhi ile alikuwa akitoa maji matupu kama bomba lililopasuka. Hicho kilichoandikwa hapo ni cha mtoto wa miezi mitatu ambaye hajawahi kuonja kitu ila mama yake. Alikifuta mwenyewe mara tano kwa siku.

"Papa Venant. Hii haiko ya Hugues."

"Iko na jina lake."

"Jina niliandika mimi. Choo sikuweka mimi."

Akamwambia. Asubuhi ile alikuwa amechelewa. Mama yake Hugues alikuwa kisiwani Idjwi kufuata mananasi. Kikopo Nsimire akamwachia mama mkwe wake, koko, bibi wa watoto wote wawili, amjazie mtoto akiharisha. Alipotoka bombani akakikuta kimefungwa ndani ya sachet nyeusi ya plastiki, kimekazwa mfuniko, naye akakipachika namba bila kukifungua.

Mzee akageuza rejista. Safu ya mwisho, ya aliyechukua. *Nsimire, mimi mwenyewe.*

"Hii ni mukono yako?"

"Ni mukono yangu."

"Sheria ya kwanza niliwafundisha ni gani?"

"Kikopo kinajazwa na mwenye kukiandika."

Hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Alifunga rejista, akasema kwamba ndani ya choo mnabaki chembe za utumbo wa mtoto mwenyewe, na hizo hueleza jambo moja haraka, bila mashine kubwa: mwenye choo ni wa kiume au wa kike. Masaa manne, labda matano.

"Ikitoka mwanaume," alisema, "nitasoma yenye iliandikwa. Ikitoka mwanamuke, utasimama mbele ya kartie useme yenye ulifanya. Wewe, si mimi. Na barua kwa wakubwa nitaandika tu."

"Barua ya kunifukuza?"

"Barua ya ukweli. Wao njo watajua iko ya nini."

*

Moto, pikipiki ya abiria, ilimshusha juu ya mtelemko, akamalizia kwa miguu. Koko alikuwa uani, Ornella kifudifudi juu ya mapaja yake, akimpaka mafuta. Alikuwa mwanamke mfupi wa Bunyakiri, mikono mipana, aliyelea watoto saba na kuzika mmoja.

"Umerudi mapema," alisema. "Banakufukuza?"

"Bado."

"Basi kula. Iko bugali ndani."

"Koko, kile kikopo cha Hugues. Uliweka nini ndani?"

Mikono iliendelea kupaka, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. "Uliomba mavi ya mutoto. Nikakupa mavi ya mutoto."

"Ya mutoto gani?"

Koko alimgeuza Ornella, akamfunga kitambaa, akakaza fundo. Nsimire alisubiri. Alikuwa amejifunza katika nyumba hii kwamba koko hasukumwi, husubiriwa.

"Mukamwana, kwetu kitu ya mugonjwa haitokake mu lupango, mu ua. Haitoke nywele, haitoke kucha, tena hiyo njo haitoke kabisa. Mutoto wangu Placide aliugua vile vile. Muntu akakuja kusaidia kufua, akaenda na bitambaa byake. Siku ya tatu tukazika. Mimi nijue alienda nabyo wapi? Na wewe unakuja na kikopo, unasema leta, napeleka ku mashine."

"Ungeniambia hapana."

"Ungelia. Uliishaka lia juu ya kazi yako hiyo wiki mara mbili, nilisikia. Nikasema, mukamwana, mutoto wa batu, asipate matatizo, nimupe kikopo kimejaa."

Nsimire alimtazama binti yake, mafuta yaking'aa mashavuni, akitafuna ngumi.

"Kwa hiyo ukatoa ya Ornella. Kama ni kurogwa, arogwe wangu. Mutoto wa mukubwa akingwe, wa mudogo atupwe inje."

Koko aliinua uso. Kwa mara ya kwanza Nsimire aliona amemuumiza.

"Nani amesema hivyo?"

"Njo yenye ulifanya."

"Nilitoa ya huyu juu huyu iko na matone," koko alisema. "Sikukuona ukitoka naye ile siku, umemufunika kichwa kama mwizi wa kuku? Nilijua unaenda wapi. Nikasema, aende. Huyu sasa iko na mulinzi. Hata bakamate kitu yake, batashindwa. Yule mwingine baba yake alimuacha uchi. Ningetoa ya mwenye uchi?"

Miezi yote hiyo Nsimire alidhani yuko peke yake katika ua ule.

"Koko, hayo njo useme. Saa tisa, mbele ya kartie."

"Hapana."

"Batafunga chanjo."

"Nimuaibishe mutoto wangu mbele ya batu, mukubwa wangu mwenye amebaki? Uliza kitu ingine."

"Hugues atatoka opitali arudi hapa bila mulinzi."

Koko alimweka Ornella mgongoni, akajifunga kitenge, akashika ufagio na kuanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

*

Saa tisa ofisi ya kartie ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mama wa watoto waliolazwa walikaa mbele. Nyuma yao wanaume walisimama. Papa Edouard alikuwa kwenye meza na kalamu tatu mfukoni, na kiti cha labo kilikuwa kitupu. Dokta Venant hakuwa amefika. Simu ya Nsimire, mkononi, ilikuwa kimya.

"Labo iko wapi?" aliuliza Didier. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, macho mekundu ya siku nne za opitali. "Tunajuaka. Wakipata ya kuwapendeza, wanafika na gari. Wakipata ya kuwachoma, wanachelewa."

Watu wakacheka, kicheko cha chini kisicho na furaha.

"Mutoto wangu amekauka kama samaki ya Idjwi. Mimi naomba kitu moja tu. Waseme kirusi iko ndani yake ni ya nini. Kama ni ya matone, Alhamisi hapana mutu ataingia hapa na ile sanduku yao ya barafu."

"Haki yako," alisema mama mmoja.

Papa Edouard akatazama saa. "Mama Ornella, wewe si wa labo? Muko na jibu ao hamuna?"

Angeweza kusema tusubiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, tamu. Lakini aliona jinsi papa Edouard alivyovuta karatasi yake karibu, akafungua kalamu. Aliona kwamba kusubiri kwake kutaandikwa kama kukubali.

Akasimama.

"Jibu iko. Batoto makumi mbili na mbili wako na kirusi kimoja, cha batu, chenye kinatembea mu mikono na mu maji. Hakitoke ku matone. Kikopo kimoja kilitoka na kirusi cha chanjo. Ni chenye jina ya Hugues."

Chumba kilivuma. Didier alifumba macho, kama mtu aliyepigwa na aliyeshinda kwa pamoja.

"Bado sijamaliza," Nsimire alisema. "Choo chenye kilikuwa mu kile kikopo hakikuwa cha Hugues. Nilipaswa nikijaze mimi. Sikukijaza. Niliachia mutu mu nyumba, nikaandika ni mimi. Nilisema uongo mu rejista. Kilikuwa cha mutoto wangu Ornella, mwenye alichanjwa siku sita kabla."

"Ah," alisema Didier. "Muzuri. Umesoma jioni, lakini umesoma."

"Shemeki..."

"Usiniite shemeki. Asubuhi inatoka ya kunipa haki, muchana inakuwa kikopo kilibadilishwa. Na ni nani anasema? Mwenye anakulaka mushahara ya labo."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Nsimire: dokta Venant. Neno lilikuwa moja tu, na chini yake: *niko njiani*. Alimpa papa Edouard asome mwenyewe, naye akasoma kwa sauti.

"Mwanamuke."

"Ni kusema nini?" aliuliza yule mama.

"Mwenye ile choo ni mutoto mwanamuke," Nsimire alijibu. "Hugues ni mwanaume."

Lakini Didier hakurudi nyuma hata hatua. "Na nani aliweka ya mwanamuke ndani? Kikopo ni chako, mutoto ni wako, mukono ni yako. Uliona mambo inageuka, ukamwaga ya kwetu, ukatia ya kwako. Mama Ornella, mutoto wangu anakufa na wewe unacheza na mavi."

Nsimire alijua jina moja tu la kumjibu, na hakulitaja. Macho ya chumba kizima yalimwangukia, na papa Edouard akaweka ncha ya kalamu juu ya karatasi.

"Toka ku mulango, acha mutu apite," sauti ikasema nje. "Na mutoto ku mugongo, hamuone?"

Watu wakaachana. Koko aliingia taratibu, jasho shingoni, Ornella akichungulia begani kwake. Hakukaa alipoonyeshwa.

"Didier," alisema. "Ni mimi."

"Mama, rudi nyumbani. Hapa si..."

"Ni mimi niliweka. Ya Hugues nilichimbia chini, nyuma ya muchungwa, njoni muangalie. Sikutaka itoke inje, juu ya Placide. Wewe unajua Placide. Nikakamata ya huyu." Akampiga-piga Ornella mgongoni. "Na nitakuambia mbele ya batu kwa nini nilikamata ya huyu, juu ukiwa nyumbani unasikiaka redio, mimi haunisikie. Huyu mama yake alimupa matone. Nilimuona anakula, analala, ananenepa, na mwenzake mu beseni moja anakauka. Beseni moja, Didier, mukono moja, huu wangu. Nilisema, huyu hata wachawi wote bakusanyike, batamukosa. Basi mwenye kuamini matone mu ile lupango nilikuwa mimi muzee, na nilinyamaza juu ya kukuheshimia. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mbele alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Didier alimtazama mama yake kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba aliyozaliwa. Kisha akatoka, akimpita dokta Venant aliyekuwa akiingia na karatasi mkononi, akihema.

Papa Edouard alisoma karatasi hiyo mara mbili. Akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri. Alhamisi ingebaki Alhamisi, wachanjaji wangekuja.

*

"Barua nitaandika leo," dokta Venant alimwambia Nsimire nje. "Nitatia uongo wako. Nitatia tena yenye nimeambiwa umesema saa tisa na dakika kumi, kabla simu haijalia. Wakubwa wasome yote." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kikopo kipya. "Mashine haipendi mustari yenye haina mwenyewe. Kumi na saba B. Enda."

Opitalini jua la saa kumi na moja lilikuwa limelala juu ya vitanda. Mama yake Hugues alikuwa ameshika chupa ya serumu iliyoning'inia, ingawa ilikuwa na msumari wake. Didier alikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani. Aliona kikopo. Alisogeza magoti ili Nsimire na koko wapite, Ornella mgongoni.

Hugues alikuwa mwepesi kama furushi la nguo, lakini alimfuata Ornella kwa macho, na hilo jana hakulifanya.

Koko ndiye aliyefungua kitambaa. Mikono yake mipana ilisita kidogo juu ya fundo, midomo ikisema jambo ambalo halikuwa la kusikilizwa. Kisha akalifungua.

"Wewe njo ujaze," alimwambia Nsimire. "Mimi nitashika mufuniko."

Nsimire alivaa glavu, akajaza kwa kijiko kidogo, kijiko kimoja, cha pili. Maji, makamasi, kweli kilikuwa cha Hugues. Koko akatoa mfuniko kiganjani, akaukaza mwenyewe mpaka ukalia, akakiinua kikopo kwenye mwanga, akakiangalia muda mrefu kabla ya kukirudisha.

"Kitaenda wapi hiki, kikiisha kusomwa?"

"Tunachoma. Nitakuonyesha moshi."

"Nitakuja kuona."

Nsimire akabandika namba, akafungua rejista juu ya goti. Jina, umri, saa, sura ya choo. Alipofika kwenye safu ya aliyechukua, kalamu ilisimama. Nafasi ilikuwa nyembamba, ya jina moja. Akaandika lake, kwa herufi ndogo, ili la koko lipate kuenea.